Usingizi wa Mizabibu

Nyemo alisinzia tena.

Safari hii alikuwa amejiandaa. Alinawa uso kwa maji ya mtungini, akanywa kahawa chungu isiyo na sukari, akatafuna kipande cha tangawizi mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaingia Shamba la Babu, akausalimu mzabibu wa kwanza kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kama ilivyokuwa desturi ya kila mtu wa nyumba yao, akachuchumaa mbele ya bakuli na kuzamisha mkono. Kabla mkono haujazoea ubaridi wa maji, kidevu kilimdondokea kifuani na kanga ikamteleza begani. Akalala fofofo, jua likiwa utosini.

"Nyemo kalala tena!"

Alishtuka, maji yakammwagikia. Baba yake mdogo, Masinga, alikuwa anakuja kati ya mistari ya mizabibu, kikapu cha pembe za ng'ombe begani, meno yote nje.

"Sijalala, Baba Mdogo. Nilikuwa nasikiliza."

"Unasikiliza huku unakoroma? Basi mimi nasikiliza kila siku, na hakuna anayenisifu." Akatua kikapu. Akaonyesha mizabibu kwa kidevu. "Haya, wamesemaje wazee wetu?"

Nyemo alitazama chini. Kuongea na watu kulimtoa jasho, hata watu wa nyumbani kwao. "Wazito," alisema kwa sauti ndogo. "Mwili mzima mzito. Nadhani ni njaa."

"Njaa! Msimu uliopita njaa, msimu huu njaa. Hawa wanakula kunizidi mimi." Lakini alikuwa tayari anageuka kwenda kufukua pembe nyingine za samadi. Kwenye shamba lile, bakuli likisema njaa, watu hulisha.

Bakuli lenyewe lilikuwa la udongo wa kawaida, la kufinyangwa, na ukubwa wake ulikuwa kama wa sufuria ya ugali. Ajabu yake ilikuwa chini. Kitako kilitobolewa tundu, na katika tundu hilo zilipita, zikiliziba, nyuzi nyeupe za ukungu uliooteshwa na wataalamu wa udongo. Ukungu huo ulitambaa ardhini kutoka mzizi hadi mzizi, mpaka shamba zima likawa kama mwili mmoja. Mtu akizamisha mkono, nyuzi zile humgusa ngozi na kumpitishia hali ya mizizi. Mizizi ikiwa na kiu, ulimi wako unakauka. Ikivamiwa na minyoo, nyayo zinakuwasha. Mashamba mengi ya kijiji chao cha Mpunguzi yalikuwa na bakuli kama hilo, ila kwa wengi lilikaa bubu na kuwa chombo cha kunyweshea kuku, kwa sababu ukungu ule hauvumilii dawa za viwandani. Kwa akina Nyemo haikuwahi kuingia hata chupa moja ya dawa hizo tangu babu yake apande mche wa kwanza. Kwao bakuli lilisema.

Kazi ya kusikiliza alipewa Nyemo kwa kuwa alikuwa mkimya. Masinga alipojaribu siku ya kwanza aliongea mwanzo mpaka mwisho, akatoa mkono na kutangaza kwamba kifaa ni kibovu.

*

Mchana ule Nyemo na bibi yake, Bibi Mbeleje, walikaa kivulini nje ya nyumba ya mapipa wakikoroga. Samadi iliyofukiwa ndani ya pembe msimu mzima hutoka imegeuka, nyeusi na laini, inanukia kama msitu baada ya mvua. Konzi moja huingia katika pipa la maji, na hapo kazi huanza. Unakoroga kwa mti mrefu kuelekea kulia mpaka maji yafanye shimo katikati. Kisha unavunja shimo ghafla na kukoroga kuelekea kushoto. Hivyo hivyo, bila kupumzika, mpaka bibi aseme basi.

"Sikia mti unavyogonga pipa," alisema Bibi. "Unakoroga kama unamfukuza mtu. Polepole. Shimo likikuona una haraka halifunguki."

"Samahani, Bibi."

"Nasikia umelala tena bakulini."

Nyemo alivunja shimo, akageuza mti kushoto.

"Ungeniuzia kidogo usingizi wako. Mimi tangu babu yako aondoke nalala kama mlinzi wa ghala. Nafumba macho, nasikia panya, nafumbua. Nafumba, nasikia upepo, nafumbua. Wewe unalala juani, na mkono umo majini! Una bahati."

Maneno yalikuwa ya utani, lakini yalimkaa Nyemo rohoni. Usiku alilala vizuri, tena mapema. Alikula akashiba. Ugonjwa hakuwa nao. Kwa nini basi kila akigusa bakuli la Shamba la Babu analegea kama mtoto aliyekwisha kunyonya?

Bibi aliposema basi, Nyemo alibeba ndoo na fagio la majani akaenda kunyunyizia shamba dogo lililokuwa nyuma ya kilima cha mawe. Waliliita Shamba la Watoto, kwa sababu mizabibu yake ilikuwa imeanza kuzaa juzijuzi tu. Huko nako kulikuwa na bakuli, jipya, ambalo alikuwa hajawahi kulisikiliza kwa makini kwa vile mizabibu midogo haikuwa na malalamiko. Alinyunyizia mistari yote. Kisha akatazama huku na huku, akaona hakuna wa kumcheka akilala, akazamisha mkono.

Hakulala. Vidole vya miguu vilimchezacheza. Kifua kilijaa pumzi, na kicheko kikamtoka, yeye ambaye akicheka hufunika mdomo. Alitamani kupanda kilima mbio na kushuka tena.

Akapanda kweli. Alishuka upande wa pili hadi Shamba la Babu, akatumbukiza mkono huku moyo ukimpiga. Uzito ule ule ukamjia, laini, kama mtu anayemfunika shuka. Kope zikamshuka. Alijikaza, akauchomoa mkono, akakimbia tena hadi Shamba la Watoto. Hana usingizi! Akarudi. Usingizi!

Alikaa chini juu ya mawe ya kilima, amelowa jasho, akahema. Usingizi haukuwa wake. Haujawahi kuwa wake.

Hapo akakumbuka hadithi ambayo babu yake alikuwa akimsimulia kila mara walipokuwa wakifunga matawi. Wazazi wa mizabibu hii walikuja ndani ya masanduku kutoka nchi za baridi. Huko, babu alisema, likiisha vuno majani hupukutika yote, na mzabibu hulala msimu mzima kama umekufa, mpaka joto lirudi kuuamsha. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Hapa vuno likiisha unakata matawi, na mzabibu uliokatwa hudhani mwaka mpya umefika, unachipua, unazaa tena. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Jambo hilo hutajwa kwa fahari, hata watoto wanalijua.

Shamba la Babu lilikuwa na umri mkubwa kuliko baba yake Nyemo. Limevunwa mara mbili kila mwaka tangu hapo, na halijalala hata mara moja. Na watu wa nyumbani, kwa kumsikiliza yeye, walikuwa wakililisha. Mtu anasinzia mbele yako na wewe unamrundikia ugali.

*

Jioni walikula ugali wa uwele na mlenda. Mama yake Nyemo alikuwa Kondoa akimuuguza dada yake, kwa hiyo Nyemo ndiye aliyepika. Baba yake, Chilongani, mtu mrefu wa maneno machache, alinawa mikono akasema, "Mashine ya kukata matawi inafika kwetu kesho asubuhi. Ipo kwa jirani sasa hivi. Mwezi nao umeanza kushuka, wakati mzuri wa kukata, kwa hiyo tumepata bahati. Inaanza na Shamba la Babu."

Mashine ile ilikuwa ya ushirika, ilizunguka shamba hadi shamba. Ukiikosa zamu yako inaendelea mbele, na ikirudi msimu umekwisha kupita.

"Na divai ya Bibi?" aliuliza Masinga akichovya tonge.

"Itakuwepo, kama kawaida." Divai ya kikombe cha Meza ya Bwana katika Sikukuu ya Mavuno ilitoka Shamba la Babu, kutoka vuno la pili, na Bibi Mbeleje aliikamua kwa mikono yake. Hakuna familia nyingine kanisani iliyowahi kutoa kikombe hicho. Bibi alikaa wima zaidi.

Nyemo alisafisha koo. "Baba..."

"Naam."

Wote watatu walimtazama. Maneno yalikuwa kwenye ulimi, yamejipanga vizuri tangu kilimani. Akayatazama yakirudi ndani moja moja.

"Chumvi imetosha?"

"Imetosha, mwanangu."

*

Mashine iliingia asubuhi kwa miguu yake sita, ikitembea kama panzi mzito, mikasi imekunjwa kifuani. Masinga alitangulia mbele akiionyesha njia kwa mikono ingawa haikuhitaji kuonyeshwa. Ilisimama kwenye mzabibu wa kwanza wa Shamba la Babu, ikafungua mikasi. Taa ya kijani ikawaka: inasubiri mwenye shamba aseme anza.

Chilongani alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Nyemo alipita chini ya waya, akasimama kati ya mikasi na mzabibu. Mashine, ambayo haikati kunakosimama mtu, ikafumba mikasi kwa adabu.

"Nyemo?" Baba yake alishangaa kuliko kukasirika. "Toka hapo, utaumia."

"Hawana njaa," alisema Nyemo. Aliongea akiutazama mzabibu, maana nyuso zingemzuia. "Wana usingizi. Ule uzito ni usingizi wao. Nilidhani ni wangu. Jana nimejaribu huku na kule kwa watoto, nimekwenda na kurudi. Kwa watoto nakuwa macho. Hapa nalala. Wanataka kulala, Baba. Kwao walikuwa wanalala kila mwaka. Tukiwakata leo tunawaamsha."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima. Masinga alipiga makofi.

"Umesikia, Kaka? Mvivu kapata wakili! Amelala, sasa anasema ni mizabibu."

"Tia mkono wewe," alisema Bibi Mbeleje, ambaye alikuwa amefika taratibu na kigoda chake. "Ila funga mdomo kwanza."

"Mimi? Mimi silali mchana. Hata nilipokuwa mtoto..."

"Masinga."

"Nimefunga."

Alichuchumaa, akazamisha mkono, akawakonyeza. Kope moja ikashuka kukonyeza na haikupanda tena. Ya pili ikaifuata. Kwa muda mfupi alitikisika kama gunia linalotafuta pa kuegemea, kisha akaegemea nguzo ya waya na kuanza kukoroma, mdomo wazi.

Hakuna aliyeweza kujizuia. Hata Chilongani alicheka mpaka akashika mbavu. Walipomtoa mkono majini Masinga alifumbua macho na kusema, "...sikuwahi kulala mchana," akashangaa kwa nini wanamcheka.

Lakini kicheko kilipoisha, mashine ilikuwa bado inasubiri. Chilongani naye alizamisha mkono, amesimama wima, miguu ameitanua. Nyemo aliona shingo ya baba yake ikilegea, ikanyooka kwa nguvu, ikalegea tena. Alipoutoa mkono alijipangusa kwa shati kwa muda mrefu.

"Ni kweli," alisema. "Wamechoka."

"Basi..." Nyemo alianza.

"Ngoja. Na mimi nimechoka. Naamka kabla ya jogoo, mwanangu, na hakuna anayetia mkono kunisikiliza. Ng'ombe amechoka. Bibi yako amechoka. Shamba halilimwi na waliopumzika." Hakuwa na ukali, na hilo lilimuumiza Nyemo zaidi. "Tukiwaacha, vuno la pili hakuna. Kikombe cha Mavuno hakuna. Bibi yako anangoja vuno hili mwaka mzima. Nimwambie nini?"

"Tukianza kuomba ruhusa kwa mizabibu," Masinga alidakia, ameshapona, "kesho tutawauliza mbuzi kama wako tayari kwa Krismasi."

"Mbuzi jibu lao nalijua bila bakuli," alisema Bibi.

"Tunajisifu kila mahali kwamba hatuwatii sumu," Nyemo alisema polepole. Aliificha mikono ndani ya kanga. "Tunawazikia pembe. Tunatazama mwezi. Tunawasalimu. Lakini zamani tulikuwa hatujui, Baba. Leo umesikia kwa mkono wako. Ukikata sasa, unakata ukijua."

Chilongani alitazama mikasi, akatazama mistari mirefu ya baba yake, na midomo yake ikabana. Ilionekana wazi kwamba angesema anza, na kwamba neno lenyewe lingemuuma.

"Na mimi nisikie," alisema Bibi Mbeleje. "Kabla hamjanitajataja zaidi kama simo."

Walimsogezea kigoda. Alivua bangili, akampa Nyemo ashike, akauingiza mkono wake majini mpaka kwenye kiwiko, kama anayemtafuta samaki. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kusema jambo. Jambo hilo halikutoka. Mikunjo ya paji lake ilifunguka mmoja baada ya mwingine. Kichwa kilielemea upande, kikakuta bega la Nyemo aliyekuwa amechuchumaa kando yake, kikatulia hapo.

Walisubiri aamke. Pumzi yake ilikuwa ndefu na nzito, na kila ilipotoka ilifanya sauti ndogo kama mtu anayetua mzigo.

"Mtoeni mkono," Masinga alinong'ona.

Nyemo aliutoa mkono wa bibi yake taratibu na kuufuta kwa kanga. Bibi hakuamka. Usingizi wa mizabibu ulikuwa umeufungulia njia usingizi wake mwenyewe, ule uliokuwa umekwama tangu msiba.

"Mwamshe, Kaka," alisema Masinga. "Mashine ina zamu."

Chilongani alipiga magoti mbele ya mama yake. Alinyoosha mkono kumgusa bega. Mkono ukasimama hewani. Akautazama uso ule, akaushusha mkono.

"Ngoja kidogo," alisema.

Kidogo kikawa kirefu. Jua lilipanda. Masinga alivunja tawi la mti wa mkungugu akamwekea mama yake kivuli, akawa analihamisha kila jua lilipohama, na kwa mara ya kwanza tangu Nyemo amjue hakusema kitu. Mashine ilipiga kengele ya kukumbusha zamu. Chilongani alivua shati akaifunika kengele.

Bibi Mbeleje aliamka kivuli cha nguzo kikiwa kimefika upande wa pili. Alipiga miayo, akajinyoosha kama paka, akatazama matawi yaliyokuwa bado marefu juu yake.

"Hamjakata?"

"Bado, Mama."

"Mbona? Zamu itapita."

"Ulikuwa umelala."

"Sasa si mngeniamsha?"

Chilongani alikuna kichwa. Alikuwa kifua wazi, mtu mzima mwenye mvi, na alionekana kama mtoto aliyeshikwa na kosa. "Nilishindwa, Mama. Ulikuwa umelala vizuri mno."

Bibi alimtazama mwanawe, kisha akautazama mzabibu wa kwanza, kisha akamrudia mwanawe. Hapo Chilongani naye alisikia alichokuwa amekisema. Aliinama akafunua kengele, akavaa shati lake, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

"Masinga," alisema. "Ipeleke mashine kule kwa watoto. Kule wanataka kucheza."

"Na divai ya kikombe?"

"Ya huko huko."

"Kaka, zabibu za kule ni kali! Waumini watakunja uso mpaka mchungaji adhani ni mahubiri yake."

"Nitakamua mimi," alisema Bibi, akivaa bangili zake. "Na Nyemo atanisaidia. Watakunja uso kidogo. Hawatakufa."

*

Kipupwe kilipoingia, na upepo wa baridi ukawa unashuka kutoka vilimani, Shamba la Babu lilifanya jambo ambalo hakuna mtu wa Mpunguzi aliyewahi kuliona. Walilinyima maji, wakaacha pembe ardhini. Majani yakageuka manjano, halafu mekundu kama matofali, halafu yakaanguka yote. Mizabibu ikabaki mikavu, myeusi, imejikunja juu ya waya. Sikukuu ya Mavuno ilipofika, divai ilikuwa kali kweli, na Masinga aliyevaa suti alijifanya hajui ilikotoka.

Bibi Mbeleje alihamishia mkeka wake mwisho wa mstari wa kwanza. Kila mchana alizamisha mkono bakulini kidogo tu, akauondoa, akajilaza. Usiku pia alianza kulala, na panya wakafanya walivyotaka.

Siku moja watu watatu kutoka shamba la jirani walisimama barabarani, wakiyatazama matawi yale matupu huku wakizungumza kwa sauti ya juu. Mmoja aliuliza ni ugonjwa gani, mwingine kama shamba linauzwa. Nyemo alikuwa ndani akifunga waya. Zamani angejificha nyuma ya nguzo mpaka wapite.

Alitoka. Alijifunika kanga vizuri, akatembea mpaka ukingo wa shamba, akawatazama usoni.

"Hawajafa," aliwaambia. "Wamelala. Tafadhali, punguzeni sauti."